Taa zinapozimwa ziwani: kiangazi cha mfanyabiashara wa ndagala

GIHOSHA, BUJUMBURA – Usiku wa giza, ukisimama kwenye mteremko wa Gihosha na kutazama magharibi, unaona miji miwili. Mmoja ni Bujumbura yenyewe, imelala chini yako. Mwingine uko juu ya maji: taa za wavuvi wa Ziwa Tanganyika, zimetawanyika hadi karibu na milima ya Uvira upande wa Congo. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua, na mwanga wake ni mweupe zaidi. Mgeni anayelala Gihosha kwa mara ya kwanza hudhani kuna barabara ya lami ng'ambo ile.

Mfanyabiashara wa ndagala hahitaji kuambiwa ni nini. Yeye huzisoma taa zile kama wengine wanavyosoma bei ya dola. Zikiwa nyingi, kesho mwaloni kuna mzigo. Zikiwa chache, aandae noti zaidi kwa kilo zilezile. Na kila mwezi unapokaribia kujaa, taa hupungua zenyewe bila amri ya mtu, kwa sababu ndagala hufuata mwanga, na mbalamwezi ikitanda ziwa zima taa ya mvuvi haina cha kuvuta. Wiki hiyo nyavu hushonwa na mitumbwi huzibwa.

Lakini kuna giza lingine, refu zaidi, nalo limeandikwa kwenye karatasi. Mwezi Desemba 2021 nchi nne zinazomiliki ziwa hili, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Tanzania na Zambia, zilitia saini itifaki ya uvuvi endelevu. Sehemu yake iliyozungumzwa zaidi ni ile ya kupumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na wakue. Tanzania ilifunga upande wake kwa tarehe hizo mwaka 2024, na mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa ikaingia kwenye siku 92 bila uvuvi. Wavuvi wanazihesabu kwa njia yao: giza tatu zimepotea.

Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu kufungwa huko zilikuwa za mvuvi na za serikali. Wewe unayenunua Kibirizi ukauze Bujumbura, au unayetoa mzigo Rumonge ukaufikishe Uvira, ulitajwa kwa sentensi moja mwishoni, kwamba bei imepanda. Makala hii ni yako.

Samaki mmoja, majina manne

Tuanze na samaki wenyewe, maana hata jina lao linavuka mpaka na kubadilika. Huyu mdogo wa fedha anayeitwa ndagala Burundi, akishuka Kigoma anaitwa dagaa, na akifika Mpulungu nchini Zambia ni kapenta. Kwa kweli ni samaki wa aina mbili wanaochanganywa kwenye gunia moja: mmoja mwembamba anayekaa katikati ya ziwa, na mwenzake mnene kidogo anayependa kukaa karibu na ufukwe, ambaye wavuvi wengi humwita lumbu. Anayewala wote wawili ni mukeke, yule yule ambaye Kigoma wanamwita mgebuka. Ndagala akipungua, mukeke naye hana cha kula, kwa hiyo anayefanya biashara ya mukeke asidhani kwamba habari za ndagala hazimhusu.

Lumbu ni msafiri wa zamani kuliko sisi. Kati ya mwaka 1958 na 1960 alichukuliwa kutoka Tanganyika akapandikizwa Ziwa Kivu, ambako hakukuwa na samaki wa aina yake. Leo ndiye sambaza wa Goma na Bukavu, na isambaza wa Gisenyi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akapelekwa Kariba, bwawa lililo kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko akaanzisha biashara kubwa ya kapenta. Kisha akateremka na Mto Zambezi mwenyewe, bila hati ya kusafiria, hadi bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Ukikutana na mfanyabiashara wa kapenta kutoka Harare akakuambia samaki wake ni bora kuliko wako, mwambie kwa upole kwamba anauza mjukuu wa samaki wa Tanganyika.

Mto wa klabu

Wazo la kupumzisha maji halikuzaliwa hapa leo, wala si la ajabu. Wafanyabiashara wanaotoka Nyeri na Karatina wanalijua kwa sura nyingine, kupitia samaki anayeitwa trauti. Trauti si wa kwetu. Mwaka 1905 mzungu Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki huyo kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandikizwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Maji ya baridi yanayoshuka Aberdare na Mlima Kenya yakamkubali. Baadaye serikali ikaweka kituo cha kutotolesha vifaranga vyake Kiganjo, na hadi leo kuna wanaopanda kule na fimbo nyembamba, uzi, na chambo cha manyoya kilichofungwa kifanane na mdudu.

Desturi waliyokuja nayo ni ya Uingereza. Kule mto unaweza kuwa wa klabu. Klabu ya Houghton, inayovua katika Mto Test pale Stockbridge, ilianzishwa mwaka 1822 na bado ipo, ikiwa na wanachama wachache kuliko abiria wa basi moja. Kiangazi chao ni miezi yetu hiyo hiyo ya Juni, Julai na Agosti, na ndio wakati wa kuvua. Majira ya baridi, trauti anapotaga, mto unafungwa. Kuna mlinzi wa mto anayelipwa kukata majani ya majini, kutazama matope yanayotoka juu, na kumfukuza asiye na ruhusa. Anayevua anaandika alichovua, na samaki mdogo anarudishwa majini.

Unaona jinsi mambo yalivyo mepesi. Mto ni mfupi, wenyewe wanafahamiana, na anayevunja kanuni anafukuzwa klabuni. Zaidi ya yote, mto ukifungwa hakuna mwanachama anayelala njaa. Anachokosa ni starehe. Tena tusisahau, kwa upande wa Kenya, kwamba mito ile ya trauti ilitengwa kwa ajili ya walowezi, na mwenyeji aliyezaliwa kando yake akikutwa na samaki aliitwa mwizi. Ni rahisi kutunza maji ukishawaondoa wenye njaa.

Ziwa Tanganyika ni kinyume cha hayo yote. Lina urefu wa zaidi ya kilometa 670 na kina cha karibu meta 1,470, la pili kwa kina duniani. Congo ina asilimia 45 ya maji yake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Makadirio ya samaki wanaovuliwa humo hufika tani laki mbili kwa mwaka. Hakuna ukuta wala lango. Anayelifunga anamfungia mtu chakula, ada ya shule na mtaji, si starehe. Na bado, kanuni ni ile ile ya klabu: isipofungwa na wote, haijafungwa.

Ukifunga peke yako

Hapo ndipo penye mzigo wote wa jambo hili. Ndagala hana uraia. Kundi lililokuwa mbele ya Nyanza-Lac jana linaweza kuwa mbele ya Kagunga leo, na umbali wenyewe si mkubwa. Burundi ikizima taa huku jirani akiwasha zake, Burundi haijapumzisha ziwa. Imempa jirani samaki wake, kisha itanunua samaki hao hao kwa bei ya juu, kupitia mikononi mwako wewe mfanyabiashara, tena pengine usiku.

Afrika Mashariki imeshaliona hili. Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikifunga uvuvi wa omena upande wake wa Ziwa Viktoria, kati ya Aprili na Julai. Lakini ziwa lile ni la nchi tatu, na omena wa Kenya, mukene wa Uganda na dagaa wa Mwanza ni samaki mmoja. Wanawake wa Kisumu na Homa Bay wanajua walikopata mzigo miezi hiyo. Rwanda nayo hufunga upande wake wa Kivu kwa miezi miwili hivi kuanzia Agosti, ziwa ambalo nusu yake nyingine ni ya Congo.

Tofauti ya Tanganyika ni kwamba safari hii wenyewe wote wanne wamekaa meza moja. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa na mkataba huo ina makao yake hapa hapa Bujumbura, chini ya kilima hiki. Ila kuna kasoro moja ya kisheria ambayo mfanyabiashara anaihisi kuliko mwanadiplomasia. Burundi, Tanzania na Congo wote wako Jumuiya ya Afrika Mashariki, Congo ikiwa imeingia mwaka 2022. Zambia haimo. Zambia iko COMESA pamoja na Burundi na Congo, lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo mzigo wa ndagala unaotoka Mpulungu kwenda Kigoma, na ule unaotoka Kigoma kwenda Bujumbura, unapita kwenye vitabu viwili tofauti vya kanuni, ingawa samaki ameogelea katika maji mamoja. Itifaki ya uvuvi imefunga ziwa. Haijasema chochote cha kumsaidia mama mwenye magunia sita Mugina anayeulizwa samaki hawa amewavua lini.

Tarehe na jua

Kuna jambo ambalo halionekani ukiwa kwenye meza ya ofisi. Mvua za Bujumbura huisha mwezi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, anga safi, upepo mkavu. Ndiyo miezi ambayo ndagala akitandazwa asubuhi anaweza kuwa tayari jioni ya siku hiyo hiyo au kesho yake. Masika ni mateso: unaanika, unaanua, unaanika tena, na mvua ikikukuta mwaloni unageuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku. Anayenunua mbichi anajua hesabu: kilo tatu hadi nne za mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Mzigo ukioza katikati, hakuna wa kukurudishia hizo tatu.

Sasa angalia tarehe. Ziwa linafungwa 15 Mei, mara tu jua linapoanza kuwa la uhakika, na linafunguliwa 15 Agosti, kiangazi kikiwa ukingoni. Anayevua kwa ajili ya kuuza mbichi amepoteza miezi mitatu. Anayekausha amepoteza miezi yake mitatu bora. Sisemi tarehe ibadilishwe kwa ajili ya chanja. Samaki hawatagi kwa kufuata ratiba ya soko. Nasema tu kwamba gharama hii haikugawanywa sawa, na walioibeba zaidi ni wakaushaji, ambao wengi wao ni wanawake wasio na mtumbwi wala leseni ya uvuvi, kwa hiyo hawamo kwenye orodha yoyote inayosema nani asaidiwe wakati wa kufungwa.

Dawa mojawapo ipo na imeshajaribiwa. Katika miaka ya 2000, pale Mvugo, kusini mwa Burundi karibu na mpaka wa Tanzania, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kujenga vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Hewa inapita juu na chini, samaki hawashiki mchanga, kuku na mbuzi hawawafikii, na mvua ikija unafunika bila kukimbia na ndoo. Wakaushaji wengine waliiga. Anayekausha juu ya kichanja anaweza kukausha vizuri hata Aprili, na hapo ndipo penye faida: Aprili ndio mwezi wa kujaza ghala kabla ya kufungwa. Anayetandaza mchangani atafika 15 Mei na magunia yanayotoa harufu.

Hata klabu hutazama juu ya mto

Niliposema mlinzi wa mto wa klabu hutazama matope yanayotoka juu, nilikuwa na sababu. Gihosha ni juu ya mto. Mito kama Ntahangwa, na makorongo kama Gasenyi na Nyabagere, hushuka kutoka milimani, hupita kando ya nyumba hizi au katikati yake, na kuingia ziwani. Mvua kubwa ikinyesha inakuja na kilima chenyewe. Mwezi Februari 2014 mafuriko ya usiku mmoja yaliua makumi ya watu kaskazini mwa mji. Katika miaka isiyo na maafa makubwa kama hayo, kingo za Ntahangwa humegwa kidogo kidogo na kuta za watu huanguka. Udongo wote huo una mahali unakokwenda. Unatanda kwenye maji ya kando, kwenye mawe na mchanga ambako samaki wengi wa ufukweni hutaga na kulea watoto wao. Unaweza kuzima kila taa ziwani kwa siku 92 na bado ukawa unawazika samaki kwa udongo wa Gihosha.

Kisha kuna joto. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba ziwa linapata joto, na maji ya juu yakiwa ya moto mno hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Walikadiria kwamba chakula cha msingi cha ziwa kilikuwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma mabaki ya samaki kwenye tope la chini, ulionyesha kwamba kupungua kulianza hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara ambao Wagiriki waliuleta Burundi miaka ya 1950. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba ziwa likifungwa miaka mitatu mfululizo ndagala watakuwa kama enzi za babu, mwombe akuandikie hiyo ahadi.

Hata hivyo siungani na wanaosema kufunga ni kazi bure. Ndagala si trauti anayehitaji miaka kukomaa. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na kitu, na huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Samaki wa aina hiyo akiachwa apumue, hujibu haraka. Kinachobaki ni kama wanne wote watazima taa siku moja, na kama anayebeba gharama atakuwa bado yupo kwenye biashara ziwa litakapofunguliwa.

Daftari lako la Mei hadi Agosti

Biashara ya miezi hii haifanywi na aliyeanza kujiandaa tarehe 14 Mei. Walio wazoefu huanza kununua kavu mwezi Machi na Aprili, kidogo kidogo kila giza, bei ikiwa bado ya kawaida. Gunia haliwekwi sakafuni bali juu ya mbao, na hufunguliwa kila baada ya siku chache ili hewa ipite. Ndagala akivunjika kwa mlio ukimkunja, amekauka. Akipinda, mrudishe juani kabla hajaharibu wenzake.

Karatasi ni mtaji kama mtaji mwingine. Ndani ya Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa pale pale mpakani. Kinakuondolea ushuru wa forodha, ila hakikuondolei kibali cha idara ya uvuvi wala cheti cha afya ya samaki, na wengi hukamatwa hapo wakidhani cheti kimoja kimemaliza kila kitu. Wakati ziwa limefungwa ongeza kitu kimoja: stakabadhi yenye tarehe ya ununuzi kabla ya 15 Mei, ikiwezekana na mhuri wa mwalo. Bila hiyo, ndagala wako kavu na halali kabisa anafanana na wa magendo, na wewe unafanana na mlanguzi. Nimesimama kwenye foleni ya mpaka mmoja nikaona magunia yakimwagwa chini ili mtu atazame kama samaki ni wa zamani au wapya. Hakuna kipimo cha hilo isipokuwa pua, na pua ya mtu aliyechoka saa nane mchana si mahakama ya haki.

Wengine hubadilisha bidhaa. Dagaa wa Mwanza huingia kupitia Kabanga na Kobero, ambako ofisi za nchi mbili ziko chini ya paa moja. Ni mzigo mzuri, ila usimdanganye mnunuzi wa Bujumbura kwamba ni ndagala wa Tanganyika. Atamtambua kwa jicho kabla hajamtambua kwa ulimi, na hatarudi kwako Agosti. Samaki wa kufugwa kwenye mabwawa na vizimba wanaongezeka, lakini wanauzwa wabichi na wanahitaji barafu, kwa hiyo ni biashara ya mwenye gari kuliko ya mwenye magunia.

Jambo la mkopo ni chungu. Mkaushaji wa mwaloni huishi kwa fedha ya mnunuzi iliyotangulia: unampa leo, anakupa samaki kesho. Ziwa likifungwa mnyororo huo unakatika, na aliyechukua fedha yako tarehe 10 Mei anaweza kukulipa Septemba au asikulipe. Vikundi vya kuweka na kukopa vya wanawake wa mialoni vimesaidia wengi kuvuka, na kama unanunua mwalo mmoja mwaka hadi mwaka, kuingia kwenye kikundi chao, hata kama mpaka uko katikati yenu, ni ulinzi kuliko kumwamini mtu mmoja mmoja. Na nchi nne zinapokutana kuzungumzia tarehe, vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vina haki ya kuomba kiti. Klabu ya mto humwuliza mwanachama wake. Hii klabu yetu ya watu mamilioni bado inamwuliza mvuvi peke yake, tena si kila mara.

Limebaki suala la siku ya kufunguliwa, nalo limewatia wengi hasara. Watu hushikilia gunia la mwisho wakingoja bei ya juu ya tarehe 14 Agosti, kisha ndagala wapya wanamwagika na bei inaanguka mikononi mwao. Wengine huuza mapema kwa hofu, wakati wangeweza kungoja. Jibu liko angani. Mwaka 2024 mwezi ulijaa tarehe 19 Agosti, siku nne baada ya tarehe ya kufungua. Kisheria maji yalikuwa wazi, lakini anga lilikuwa jeupe, na taa za wavuvi hazikuwa na la maana la kufanya hadi mwezi ulipoanza kuchelewa kuchomoza. Mwenye gunia alikuwa na wiki moja zaidi mkononi. Mwaka 2025 mwezi ulikuwa umejaa tarehe 9, hivyo 15 Agosti iliangukia usiku unaozidi kuwa mweusi, na kwa kalenda kama hiyo anayengoja hadi siku hiyo angekuwa amechelewa.

Ukiwa Gihosha jioni ya tarehe hiyo, panda hadi mahali unapoliona ziwa, na uhesabu taa kabla ya kumpigia simu mteja wako.